Mtama wa Kumshusha Nyemo

Nilipokuwa darasa la nne huko Chemba, nilipewa heshima ya kuwa Nyemo. Kila aliyesoma shule zetu anamjua Nyemo: msichana wa kitabu cha kusomea, ambaye kisulisuli cha Septemba kilimzoa uani akiwa anafagia, kikampandisha juu ya mbuga na vilima. Huko juu aliikuta mvua imelala, akaiamsha kwa wimbo, akashuka nayo. Kisa chote ni kurasa kumi na moja na picha tatu. Katika picha ya pili miguu yake haigusi chochote, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeelekea chini kana kwamba kinaiaga ardhi.

Siku ya kufunga shule nilisimama juu ya meza ya mwalimu mkuu, nimejifunga shuka jeupe, nikapunga mikono. Mwalimu wetu akatangaza, "Sasa Nyemo anaruka!" Watu wakatulia. Ndipo mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliposema, kwa sauti ya shahidi mahakamani, "Hajaruka. Amesimama mezani."

Watu wazima walicheka, nami nikacheka nao ili nisilie. Lakini mtoto yule alikuwa amesema kweli. Tangu hapo nimesoma sanaa za maonyesho, na nimezifundisha chuo kikuu kwa miaka kumi na sita. Nimewasimamia wanafunzi walioandika kurasa nyingi juu ya mambo ambayo hadhira hukubali kuyaamini, na katika kurasa hizo zote sijaona hoja ya kumjibu mtoto yule.

Kwa hiyo idara yetu ilipoamua kukigeuza kisa cha Nyemo kuwa mchezo wa nyimbo, wenye zeze na filimbi na ngoma za akina mama, kwa ajili ya watoto wa shule za msingi za Dodoma, niliweka sharti moja tu. Nyemo ataruka. Asiporuka, mchezo huo atauongoza mtu mwingine.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa Bwana Hanifu, msimamizi wa ukumbi tuliokodi mjini. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na daftari jeusi ambalo hakuliweka chini hata alipokunywa chai.

"Mwalimu Penina," aliniambia, "ukumbi huu una masharti arobaini na mawili. Hakuna hata moja linaloruhusu mtu kuning'inia."

"Kuna linalokataza?"

Akapekua daftari kwa uaminifu mkubwa. "Hakuna. Walioandika hawakudhani."

Tulikubaliana hivi: wahandisi wa chuo wakague boriti za chuma za paa, na wakizipitisha, Ijumaa ya kabla ya onyesho, saa nne asubuhi, mrukaji apande na kushuka mara tatu mbele yake, kwa utulivu. Safari moja ikiharibika, hakuna kuruka.

"Ataimba akiwa amesimama tu," alisema kwa upole. "Nitawapatia hata meza."

Hakujua alichoniambia.

Wahandisi walizipitisha boriti. Waya na mkanda wa kufunga kiunoni na mapajani tuliazima kwa mafundi wanaopanda minara ya simu. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kuendesha kazi yenyewe. Tulijaribu mashine ya umeme, ikamnyanyua mwanafunzi wangu mmoja kama mfuko wa saruji, naye akaomba apewe nafasi ya kuimba kwaya. Ndipo nikaambiwa habari za Mzee Bartolomayo wa Kibakwe. Kwa miaka thelathini na saba alichimba visima kwa mkono, akawashusha watu shimoni na kuwapandisha kwa kamba bila kumvunja hata mmoja ukucha. Siku hizi visima huchimbwa na magari, naye alikuwa nyumbani akigombana na kuku.

Alifika na magurudumu mawili ya chuma yenye mfereji wa kupitishia kamba, yale yaitwayo roda, ameyafunga katika kitenge kama mapacha wachanga.

"Mbukwenyi," alisalimu mlangoni, na kabla hatujamaliza kuitikia akauliza, "Huyo mtoto ana kilo ngapi?"

"Thelathini na nane, mzee, pamoja na mkanda."

"Akiwa amekula au hajala?"

Loisi mwenyewe alijibu. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, tuliyemchagua kati ya watoto sitini kwa sababu ya sauti yake, kabla hatujagundua kwamba sauti hiyo haikuwa na mahali pa kuizimia. "Shikamoo babu. Nikiwa nimekula. Wali."

"Marahaba. Basi usibadili chakula mpaka mchezo uishe. Ukinenepa utaniumiza mgongo, ukikonda utapaa."

Kuruka, alitueleza, ni kazi ya mizani. Waya unatoka mgongoni mwa mtoto, unapanda hadi roda ya kwanza juu ya jukwaa, unavuka hadi ya pili pembeni, nyuma ya pazia, kisha unashuka na kubeba mzigo. Mzigo ukikaribiana na mtoto, mtu mmoja mwenye kamba ndogo anamwinua kwa nguvu za kuinulia ndoo. Lakini mtoto lazima auzidi mzigo kwa kilo mbili.

"Hizo mbili ndizo breki yangu," alisema. "Nikipiga chafya, nikizimia, kamba ikaniponyoka, mtoto anarudi chini mwenyewe, taratibu. Ukiziondoa hizo mbili, hatuna mazungumzo."

Mimi nilikuwa nimeagiza mifuko ya mchanga. Hapo akaingilia Anyesi, shangazi yake Loisi na mlezi wake, mwanamke mpana wa kifua na maneno, muuza nafaka katika soko la Majengo.

"Mchanga? Mtoto wa kaka yangu apimwe kwa mchanga? Mchanga tunamwagia marehemu!"

"Mama," alisema Mzee Bartolomayo, "mchanga hauna nia mbaya na mtu."

"Wa Kibakwe labda. Wa kwetu tunaujua. Nitaleta mtama."

Mzee alifikiri, akakubali. Mtama una uzito, hauchafui jukwaa, na ukishashonwa vizuri hautoki. Jumanne tukaenda watatu kibandani kwa Anyesi kupima viroba viwili, kilo kumi na nane kila kimoja. Kazi hiyo ingechukua robo saa kama si mkono wa kulia wa Anyesi. Kila mizani ilipotulia penye kumi na nane, mkono ule ulichota konzi ya mtama na kuidondosha juu, huku mwenyewe akiongea na jirani habari nyingine kabisa. Mzee akaitoa. Mkono ukairudisha.

"Mwalimu," akasema Mzee bila kunitazama, "nishikie huo mkono."

"Ni nyongeza tu!" Anyesi alishangaa. "Sijapata kumpimia mtu bila nyongeza tangu nimeanza biashara. Mteja akiondoka bila nyongeza, anaondoka na neno."

"Huyu mteja ni waya. Waya haudai nyongeza."

Nilimshika mkono kweli, kwa adabu, na viroba vikapimwa. Mzee akavishona kwa sindano kubwa ya magunia, akaviacha pale kibandani hadi siku ya jaribio.

Ijumaa hiyo upepo uliamka kabla yetu. Vumbi lilitembea barabarani likiwa limesimama wima, na Loisi alisema kisulisuli kimekuja kuomba kazi. Viroba vilifika kwa bajaji saa nne kasoro dakika tano, Anyesi amekaa katikati yake kama mama mwenye watoto wawili wanene.

Mzee Bartolomayo alikinyanyua kimoja kukifunga kwenye waya, akasita. "Leo mkono wangu umezeeka," alinung'unika. "Tungevipima tena."

Mizani ilikuwa imebaki Majengo. Bwana Hanifu alikuwa amekwisha kaa safu ya kwanza, daftari gotini, akiitazama saa yake ya mkononi. Nilizitazama zile nyuzi zilizoshonwa vizuri, nikaifikiria ile meza, nikasema jambo ambalo nimewakataza wanafunzi wangu wote kulisema kabla ya onyesho: "Ni vilevile vya Jumanne, mzee. Tuanze."

Zeze likaanza. Loisi alifagia uani, mbele ya kibanda cha mabati kilichochorwa kuwa nyumba ya bibi yake Nyemo. Filimbi ikaleta kisulisuli. Mzee, pembeni, akaivuta kamba kidogo kama alivyozoea, ili mtoto apande polepole kwa mistari minne ya wimbo.

Loisi alipanda kwa mstari mmoja.

Alikwenda juu kama kizibo cha chupa, ufagio mkononi, na alisimama tu kwa sababu Mzee alikuwa amefunga fundo la kuzuia, mita moja chini ya boriti. Pale alining'inia, akazunguka nusu mzunguko, akatutazama wote toka juu, akacheka. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyewanyamazisha wapiga ngoma, akaimba ubeti wa pili. Aliuimba vizuri kuliko siku zote.

Bwana Hanifu aliandika kitu.

Ubeti wa tatu ni wa kushuka. Ngoma zikageuka, kwaya ikaitikia, na Loisi akabaki palepale. Kwaya ikairudia. Loisi akanyoosha miguu chini kwa hisani, kama mtu anayetafuta maji kwa vidole, lakini hakushuka hata shubiri.

"Mzee," nilinong'ona nyuma ya pazia, "mshushe."

"Nimshushe kwa kitu gani? Mzigo umemzidi. Umekaa sakafuni kama bibi harusi." Alinionyesha kamba aliyoishika. "Kamba inavutwa, mwalimu. Kamba haisukumwi."

"Tuvinyanyue viroba kwa mikono."

"Ukivinyanyua kwa mikono mtoto anashuka kwa mishtuko. Kisimani hatukumshusha mtu hivyo, na leo sitaanza." Akageuka polepole. "Mama Anyesi. Njoo hapa."

Anyesi alikuja akiwa amekwisha kushika kiuno, yaani amekwisha kujitetea. "Usinitazame hivyo. Asubuhi nimevikuta vimelala. Siku tatu, mtama umeshuka, kiroba kimelegea mabegani. Nilete kiroba kilicholegea mbele ya watu wa chuo? Wangesema Anyesi kapunja."

"Kwa hiyo ukafumua."

"Nikafumua, nikajaza kidogo, nikashona."

"Kidogo cha mizani au kidogo cha Majengo?"

Anyesi alitazama pembeni. "Kisado."

"Vyote viwili kisado kimoja?"

"Kila kimoja na chake. Ningependelea?"

Mzee Bartolomayo alifumba macho. Visado viwili ni zaidi ya kilo sita, na zile mbili za breki zilikuwa zimemezwa kitambo. Toka juu ikaja sauti ya Loisi: "Shangazi! Huku kuna kiota cha njiwa! Kina mayai mawili!"

"Usiyaguse!" Anyesi akamjibu, na kwa kufanya hivyo akamjulisha Bwana Hanifu kila kitu ambacho alikuwa hajakijua. Msimamizi alisimama, akatembea hadi chini ya Loisi, akainua uso.

"Binti, unaumia?"

"Hapana, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akaja kwangu nyuma ya pazia. "Mwalimu, nimeandika: 'Alipanda, hakushuka.' Naomba ashuke salama kwanza. Kisha tutazungumza habari ya meza."

Nilimwona mtoto wa darasa la kwanza wa Chemba amekaa safu ya kwanza, amekunja mikono, miaka yote hiyo hajazeeka hata siku moja.

"Punguza mtama," Mzee alimwamuru Anyesi. Kisado kilikuwa Majengo, kwa hiyo akampa kikombe chake cha chai. Anyesi akafumua mdomo wa kiroba kimoja, akachota kikombe, akakimwaga juu ya kipande cha bati kilichobaki katika kujenga kile kibanda, nacho kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Akachota cha pili, akamwaga. Na mkono wa kulia, bila kumuuliza mwenyewe, ukaokota konzi toka chini ya bati ukairudisha kirobani.

"Mama! Unarudisha!"

"Nimerudisha?"

"Umerudisha konzi nzima!"

Bwana Hanifu alikohoa, na nadhani kikohozi kile kilikuwa kinaficha kitu kingine. Mzee akakichukua kikombe chake, akatoa kisu kidogo mfukoni. Akalisogeza bati hadi chini ya kona ya kiroba, akakata nyuzi mbili tu za kona hiyo, akarudi kuishika kamba yake kwa mikono yote miwili. "Sasa acha kitoke chenyewe. Na wewe, mama, kaa juu ya mikono yako."

Mtama ukaanza kutoka.

Mwanzoni zilikuwa punje chache, kila moja ikigonga bati peke yake, tone, tone, kama mvua inayojiuliza. Halafu tundu likapanuka na punje zikaungana. Sisi tunaoishi nyanda hizi, ambako miezi saba hupita bila tone, hatuhitaji kuelezwa sauti hiyo. Wapiga ngoma waliacha kuongea. Mwenye zeze alinyanyua kichwa. Bwana Hanifu, mtu wa masharti arobaini na mawili, alikuwa amekwisha fika dirishani na kulisukuma kabla hajakumbuka kwamba ni Septemba na kwamba nje kulikuwa na vumbi tupu.

Na Loisi alikuwa anashuka. Viroba vilijiinua sakafuni kama vinavyoamka usingizini, Mzee akiiachia kamba kwa upana wa kidole, naye mtoto akateremka na ile sauti, akizunguka polepole, ufagio kifuani, mguu wa kushoto mbele ya wa kulia. Alianza kuimba ubeti wa tatu bila ngoma. Nilikiona kidole gumba. Kilikuwa kimeelekea chini, kama katika picha ya pili, ila safari hii kilikuwa kinaisalimu ardhi.

Alipogusa, punje zilikwama tunduni, na ukumbi ukawa kimya.

Bwana Hanifu alilifunga dirisha. Alirudi kwenye kiti chake bila haraka, akachukua daftari.

"Hiki mlichofanya," alisema, "mmekikusudia?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana, Bwana Hanifu. Ni kosa. Mzee alitaka kupima tena, nikamzuia mimi."

Alitikisa kichwa, akaandika. "Siwezi kutia saini kwenye bahati. Lakini kitu kikifanyika mara tatu, kwa mizani, mbele yangu, hicho si bahati tena. Saa ngapi mizani inaweza kufika hapa?"

Ilifika saa sita, kwa bajaji ileile. Viroba vikapimwa upya. Mzee alitengeneza kiroba kidogo cha tatu, cha kilo nne, chenye mfereji wa kitambaa na kamba ya kuufungua, hesabu yake ikiwa kwamba kikijaa mtoto anapanda na kubaki juu, na kikitoka chote zile kilo mbili za breki zinarudi mahali pake. Anyesi aliwekwa hatua tano mbali na mizani, Bwana Hanifu akizipima hatua hizo mwenyewe kwa viatu vyake. Loisi alipanda na kushuka mara tatu. Mara ya tatu alilalamika kwamba njiwa amerudi na anamtazama vibaya.

Msimamizi alitia saini, akaongeza sharti la arobaini na tatu kwa mwandiko mzuri: mtu yeyote asiguse uzito baada ya kupimwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, nani atafungua mfereji siku ya onyesho.

"Mzee ana kamba mikononi," nilisema. "Sijui bado."

"Mpeni yule mama. Kupima hawezi. Kumwaga anaweza."

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, watoto mia nne, walimu wao, na wazazi waliosimama nyuma. Zeze lilipoanza sikumtazama Loisi. Nilikuwa nimejificha kwenye mkunjo wa pazia nikiitazama safu ya kwanza, na ndani ya safu hiyo msichana mmoja mdogo, soksi moja juu na moja chini, aliyekuwa amekunja uso tangu mwanzo kama mtu aliyewahi kudanganywa.

Nyemo akapanda kwa mistari minne. Watoto wakavuta pumzi kwa pamoja. Yule wa soksi hakuvuta. Aliinama, akainama zaidi, hadi shavu likakaribia sakafu, akachungulia chini ya miguu ya Nyemo. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia. Kisha akainuka, akakaa sawasawa, akakunjua mikono, akamgeukia jirani yake na kumpa taarifa fupi ambayo sikuisikia. Sikuhitaji kuisikia.

Ubeti wa tatu ulipofika, Anyesi alivuta kamba ya mfereji. Mtama ukanyesha juu ya bati. Nyuso mia nne zikaacha kumtazama Nyemo, zikatazama paa, na toka nyuma ya ukumbi mwanamke mmoja akapaza sauti, "Jamani, nimeanika!" Alikuwa amekwisha fika mlangoni, khanga begani, kabla kicheko hakijamrudisha.

Nyemo aliigusa ardhi. Kiroba kilikuwa kitupu, wimbo umekwisha, na katika ule ukimya mfupi unaotangulia makofi, nyuma ya pazia, mkono wa kulia wa Anyesi uliokota konzi moja ya mtama na kuidondosha tena juu ya bati.

Mzee Bartolomayo aligeuka kumtazama.

"Nyongeza," Anyesi alinong'ona, na safari hii hakuna aliyemshika mkono.